Funguo Ndani ya Friji

Nyumba ya Bi Picha ilikuwa na sheria moja tu, na sheria hiyo ilikuwa ni kitambaa chekundu. Kikitundikwa kwenye kitasa cha mlango wa sebule, basi hapana bomba kufunguliwa, hapana sufuria kugongwa, hapana mtu kumwita mtu. Kuku wa jirani peke yao ndio waliovunja sheria hiyo bila adhabu, maana walishaambiwa mara nyingi wakatia pamba masikioni.

Jina la Bi Picha alipewa na mtaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza matangazo ya video kwa watu wasio na fungu kubwa: mwenye saluni, mwenye duka la rangi, daktari wa meno aliyeng'ang'ania kutabasamu mwenyewe katika tangazo lake ilhali ana pengo. Makampuni makubwa yana majumba ya kurekodia. Bi Picha alikuwa na sebule. Dirisha aliliziba kwa blanketi. Mwanga aliurudisha usoni mwa mtu kwa ile karatasi ya fedha ya kufunikia chakula, aliyoibandika kwenye kadibodi. Sauti ya kutangaza aliirekodi ndani ya kabati la nguo, akiwa amejibana katikati ya makoti ya mume wake, kwa sababu makoti mazito humeza mwangwi. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa safari ndefu, na kila aliporudi alilalamika kwamba makoti yake yameajiriwa bila yeye kuulizwa.

Adui mkubwa alikuwa friji. Friji hunguruma mchana kutwa na wala huisikii, mpaka siku unayowasha maiki. Kwa hiyo kabla ya kurekodi Bi Picha aliichomoa, na ili asisahau kuichomeka tena, alitia funguo zake za nyumba ndani yake, juu ya trei ya mayai. Hapo hawezi kwenda popote bila kuifungua friji, na akiifungua akakuta giza, anakumbuka. Ujanja huo aliupata baada ya kuozesha nyama mara mbili. Baba yake alipouona kwa mara ya kwanza alicheka hadi akashika ukuta.

"Mama," alisema, maana mzee huyo alimwita binti yake mama tangu akiwa mchanga, "kwa hiyo nyumba hii mtu hatoki mpaka aombe ruhusa kwa friji?"

"Ndiyo hivyo, Baba. Ufunguo ukiwa kwenye friji, mwenyewe haendi kokote."

Hizo zilikuwa siku za mwanzo, wakati Baba bado anacheka kwa sauti.

Baba alikuwa fundi cherehani. Maisha yake yote alishona katika chumba kimoja cha kupanga, cherehani dirishani, kitanda nyuma ya pazia. Alipofiwa na mkewe aliendelea kukaa humo peke yake, hadi siku alipoteleza bafuni akalala sakafuni tangu asubuhi, mpaka jirani mmoja alipokuja kuulizia suruali yake. Suruali ile ndiyo iliyomwokoa. Bi Picha alimfuata siku hiyohiyo, akamchukua yeye, makasi yake, na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Kitu kimoja tu Baba alikataa: kukirudisha chumba kwa mwenye nyumba. Ufunguo wa chumba hicho aliufunga kwa uzi mweusi akautia mfukoni, na kila alipokaa kitini aliupapasa kwanza kuona kama upo.

Cherehani ikawekwa sebuleni, pembeni. Lakini cherehani ya kukanyaga na kazi ya kurekodi ni paka na panya. Siku ya kwanza Baba alikanyaga mara mbili tatu, na Bi Picha akatoa kichwa kabatini, koti la mume wake likiwa begani.

"Baba, samahani. Dakika kidogo tu."

Dakika kidogo zikawa kutwa, kutwa zikawa wiki, na cherehani ikafunikwa shuka. Juu ya shuka ikawekwa taa moja, kisha nyaya, kisha boksi la betri. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba iwe hivyo. Ilitokea tu kwamba nyumba ilipata meza, na Baba akabaki bila cherehani.

Sasa basi, Jumapili moja wakiwa mezani, Baba alifuta mdomo na kusema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, "Jumamosi nitarudi kwangu. Nimeshaongea na mwenye pikapu. Atakuja kuchukua cherehani."

Bi Picha aliweka kijiko chini. "Kwako wapi tena, Baba? Kwako ni hapa."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimekaa miezi yote hii bila jembe."

"Wewe si mgeni. Na lile bafu? Ukianguka tena?"

"Nitaoga na viatu."

Mtoto wa Bi Picha alimtazama babu yake kwa macho makali. Alikuwa na miaka saba, na babu alimpa jina la Shangazi kwa sababu aligomba kama shangazi aliyekosa kiti harusini. "Babu, hakuna mtu anayeoga na viatu," alisema.

"Basi nitakuwa wa kwanza, Shangazi."

Walimbembeleza mpaka chakula kikapoa. Alikubali kila walichosema, akatikisa kichwa kwa heshima zote, na uamuzi wake haukusogea hata inchi. Bi Picha aliogopa. Tuliseme kama lilivyo: alimwona baba yake amelala kwenye sakafu ile tena, na safari hii hakuna mwenye suruali. Na zaidi ya hofu kulikuwa na jambo jingine, la kitoto, ambalo hakumwambia mtu. Alipenda kuamka akijua kwamba baba yake yumo ndani ya nyumba. Alikuwa mtu mzima mwenye mume, mtoto na wateja, na bado alilipenda hilo.

Lakini kazi haijui msiba wa mtu. Jumatano Mama Mapazia alituma ujumbe wa sauti.

Mama Mapazia alikuwa mwenye duka, kama jina lake linavyosema, na Jumatatu iliyokuwa ikija alikuwa anafungua duka la pili. Wiki iliyotangulia alikuwa ameagiza tangazo fupi: sebule nzuri, mapazia yake ya kijani dirishani, sauti ya mtu ikisema maneno mawili matatu matamu. Vitambaa alivituma vikiwa havijashonwa, na Bi Picha, kwa haraka yake, alikunja chini akapiga stepla. Ndiyo, stepla ile ya karatasi. Alikuwa akipiga stepla hiyo Jumamosi, siku moja kabla ya yale maneno ya mezani, na Baba alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake. Aliangalia stepla ya kwanza. Akaangalia ya pili. Ya tatu akainuka akaenda kusimama uani. Alirudi taa za kurekodia zilipokwisha kuwashwa, akakaa kitini.

"Bi Picha mwenzangu," ilisema sauti ya Mama Mapazia kwenye simu, "nimeliangalia tangazo. Picha nzuri, maneno mazuri. Lakini nyumba hiyo nani anaishi humo? Naona kama wenyewe wamehama. Halafu mapazia yangu mbona yananing'inia kama nguo ya kuazima? Hebu nitazamie."

Bi Picha aliudhika kidogo. Tangazo lile lilikuwa safi kuliko yote aliyowahi kutengeneza kwa mkono wake. Hata hivyo mteja ni mteja. Alitafuta kwenye mtandao sauti za bure, akatia watoto wanaocheka, akatia saa ya ukutani, akatia vikombe vinavyogongana. Alhamisi akalituma tena.

"Sasa hawa watoto wanaocheka ni wa nani?" aliuliza Mama Mapazia. "Na hiyo saa inayogonga, mbona ukutani siioni? Mimi nataka nyumba yenye mwenyewe, mama. Mtu anayenunua pazia anajifichia mambo yake. Hapo hamna mambo yoyote."

Hapa inabidi tueleze jambo la kazi ya Bi Picha, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kila chumba kina ukimya wake. Ukimya wa sebule si ukimya wa jikoni, na wa asubuhi si wa alasiri. Kwa hiyo kila alipomaliza kupiga picha, Bi Picha aliwaomba waliokuwemo watulie nusu dakika, akarekodi hewa tupu. Ukimya huo huutandika chini ya maneno ya tangazo kama mkeka, kwa sababu bila huo kila neno linapokatwa huacha shimo. Baba alipoelezwa mara ya kwanza aliuliza, "Yaani unarekodi kimya?" Akaambiwa ndiyo. "Na watu wanalipa?" Akaambiwa ndiyo. Akasema kweli dunia imepata nafasi.

Bi Picha hakuwahi kutupa ukimya hata mmoja. Alizihifadhi rekodi zote kwenye kompyuta, za sebule hii hii, tangu Baba alipohamia. Kwa hiyo Ijumaa mchana, alipochoka na watoto wa kwenye mtandao, aliona bora atafute miongoni mwa zile za zamani, pengine ataupata ukimya mmoja wenye uhai kidogo. Alivaa hedifoni, akaanza na ule wa kwanza kabisa.

Ulikuwa ukimya mbovu. Alikumbuka jinsi ulivyomkera. Ndani yake mtu alikohoa, tena kikohozi cha haki, cha kutoka tumboni. Kandambili ziliburuzwa kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Kiti kililia. Mtu akashusha pumzi kwa raha, "Eeeh," kama wanavyofanya watu wa makamo magoti yanapopumzika, kisha akaanza kuguna wimbo usio na maneno mpaka sauti ya Bi Picha mwenyewe ikasema, "Baba, jamani." Na Baba akacheka.

Bi Picha naye alicheka, peke yake. Akafungua mwingine. Kikohozi kilikuwepo, lakini sasa kilipigwa ndani ya kiganja. Akafungua mwingine. Kandambili hazikuburuzwa, zilinyanyuliwa na kuwekwa, moja moja, kama za mtu anayepita kando ya kitanda cha mgonjwa. Katika uliofuata hakukuwa na kandambili. Alikumbuka kwamba siku hizi Baba hutembea na soksi, na kwamba yeye alidhani ni baridi. Wimbo ulikuwa umekwisha. Kiti hakikulia tena, maana Baba alikuwa ameacha kuinuka na kukaa. Aliendelea kufungua mmoja baada ya mwingine, na katika kila mmoja baba yake alizidi kupungua.

Wa mwisho ulikuwa ule wa Jumamosi, siku ya mapazia, ule aliouona bora kuliko mwingine wowote na kuutandika chini ya tangazo la Mama Mapazia. Bi Picha aliongeza sauti. Hapakuwa na kitu. Hewa ya chumba, kuku kwa mbali, basi. Kisha sauti yake mwenyewe: "Haya, tayari." Na papo hapo, karibu sana na maiki, mtu akaachia pumzi, ndefu, yenye kutetemeka, ya mtu aliyetoka chini ya maji. Halafu Bi Picha alijisikia akisema kwa furaha, "Asante, Baba. Leo umekuwa kama hupo kabisa."

"Eeh," akajibu Baba kwenye rekodi.

Jumapili yake ndipo aliposema atarudi kwake.

Bi Picha alivua hedifoni akakaa. Mama Mapazia aliuliza nani anaishi humo, na yeye akakasirika. Kumbe mwanamke yule, kwa simu yake tu na masikio ya dukani, alikuwa amesikia jambo ambalo mwenye nyumba hakulisikia miezi yote.

Alimkuta Baba chumbani akikunja mashati. Fundi hata akiwa anaondoka hukunja shati kwa mstari. Begi lilikuwa wazi juu ya kitanda.

"Baba, naomba masikio yako kidogo."

Alimvalisha hedifoni, akamwekea ule ukimya wa kwanza. Baba aliinamisha kichwa akasikiliza, uso ukikunjamana.

"Nani huyu anakohoa hivi?" aliuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya watu wenye hedifoni. "Aende hospitali."

"Ni wewe, Baba."

"Mimi?" Akasikiliza zaidi. Wimbo ulipofika, midomo yake ilisogea. "Huu mama yako aliupenda," alisema, safari hii polepole. "Alikuwa akinikataza kuuimba, lakini aliupenda."

Bi Picha akamwekea wa mwisho. Baba alingoja, akamwangalia bintiye. "Hapa hakuna mtu."

"Subiri."

Pumzi ile ikaja. Kisha sauti ya Bi Picha. Kisha ile "eeh" ndogo. Baba alivua hedifoni, akaukunja waya wake vizuri kabla ya kusema lolote.

"Nilikuwa nimebana pumzi," alikiri. "Kidogo nianguke na kiti chako."

"Kwa nini, Baba?"

"Kazi yako ni ya kimya, mama. Mimi ni mtu wa makelele. Nikikohoa unaanza upya. Hukunigombeza hata siku moja, Mungu anaona. Ungenigombeza ningekujibu, tukaishia hapo. Wewe ulikuwa unafumba macho tu, unangoja nimalize." Alishika shati jingine akalikunja. "Nikasema basi, nijifunze. Na nimejifunza. Ulinisifu mwenyewe."

"Nilisema kama hupo."

"Ndiyo. Nilifanya kazi nzuri."

Bi Picha alikaa kitandani kando ya begi, na machozi yakamtoka waziwazi. "Baba, mimi sitaki usiwepo," alisema. "Nataka uwepo. Kohoa. Buruza kandambili zako. Nikifumba macho nipige kofi. Niliona soksi zile nikasema ni baridi. Mimi ninayejidai kusikia mpaka friji ya jirani, nimekaa na wewe nyumba moja sikusikia unavyonyamaza. Nisamehe."

Baba alikuwa wa rika lile ambalo mtu akiona machozi hutafuta kazi ya mikono. Mashati yalikuwa yamekwisha. Akaangalia huku na huku, akatoka, akaenda sebuleni. Bi Picha alimfuata akamkuta amepiga goti dirishani, ameshika ncha ya pazia la kijani kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Nani alikufundisha kupinda kitambaa kwa stepla?"

"Nilikuwa na haraka."

"Nilitoka nje siku ile nisije nikatukana mbele ya mtoto." Aling'oa stepla moja kwa ukucha. "Mtoto wa fundi. Mama yako angeamka kaburini."

"Mteja naye kaliona. Anasema linaning'inia kama nguo ya kuazima."

"Huyo ana macho." Akang'oa ya pili. Akang'oa na ya tatu. "Mwenye pikapu nimeshamwambia, mama. Ahadi ni deni. Lakini hiki siwezi kukiacha nyuma yangu hivi. Asubuhi nitapinda kwanza, halafu ndiyo niende."

Bi Picha akachuchumaa kando yake, naye akaanza kung'oa stepla. Alimjua baba yake. Ukimvuta anakaza.

Jumamosi asubuhi waliishusha taa, wakashusha nyaya, wakashusha boksi la betri. Shangazi alivuta shuka kwa fahari kama anazindua sanamu. Cherehani ilikuwa na vumbi mpaka kwenye sindano. Baba aliifuta, akaitia mafuta, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza, akatia mafuta tena. Alivua soksi. Mguu mtupu ukakanyaga, na nyumba nzima ikajaa mlio ambao Bi Picha aliujua kabla hajajua kusoma. Alikuwa akilala na mlio huo utotoni, nyuma ya pazia, na ulipokoma ndipo alipoamka.

Hakungoja. Alitundika kitambaa chekundu, akaondoa blanketi dirishani, akaweka kamera, akasimamisha maiki karibu na dirisha.

"Friji," alikumbuka ghafla.

"Nimeshaichomoa mimi," alisema Baba, pini tatu mdomoni. "Na funguo nimeweka. Endelea na kazi."

Akaendelea. Pazia la kwanza liliposhonwa likapanda dirishani, nalo likateremka kwa uzito wake lenyewe, wima, likagusa sakafu kama lilivyoumbwa. Upepo ulilisukuma kidogo. Nyuma ya picha cherehani ilikuwa ikienda na kusimama, ikienda na kusimama, na katikati Baba aliguna wimbo wake bila kujua. Shangazi alipita na kikombe, akaambiwa "angalia kitambaa," akajibu "naona, Babu." Yote hayo yaliingia kwenye maiki. Bi Picha aliinua mkono kutaka kusimamisha, kwa mazoea, kisha akaushusha.

Pazia la pili lilikuwa nusu ya safari pikapu ilipofika getini na kupiga honi. Ikapiga tena. Baba alisimamisha mguu. Bi Picha hakumwangalia baba yake, asije akaonekana anamwomba.

Baba aliinuka. Alivaa kandambili, akaziburuza hadi mlangoni, akachomoa kile kitambaa chekundu kwenye kitasa, akatoka nacho. Maiki ilikuwa dirishani, na Bi Picha alikuwa na hedifoni masikioni, kwa hiyo alisikia kila neno kama yuko getini.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuchukua cherehani."

"Marahaba. Hujaona kitambaa?"

"Kitambaa gani, mzee?"

"Hiki. Kikiwa nje, hapana honi. Watu wako kazini."

"Samahani, sikujua." Injini ikazimwa. "Na cherehani?"

"Nayo iko kazini."

Mwenye pikapu alicheka kidogo, akidhani anataniwa. "Sasa mzee, nije lini?"

"Nitakuita."

Kandambili zikarudi zikiburuzwa. Baba alipitiliza hadi kitini, akashusha pumzi, "eeeh," akaushika upindo pale alipouachia. Bi Picha hakuuliza. "Nitakuita" ni neno lenye milango miwili. Wengine huita kesho yake na wengine hawaiti maisha. Alikuwa amefurahi na bado anaogopa, vyote kwa pamoja, na aliona bora abaki na hofu yake kuliko kuuliza akajibiwa.

Mapazia yote yalipokwisha, alisema, "Haya, jamani. Ule ukimya wangu, nusu dakika. Kila mtu akae alipo."

Baba alikaa kwenye cherehani yake. Shangazi alikaa chini, mikono mapajani. Bi Picha akawasha. Kuku walisema yao. Pazia lilisogea. Kisha uso wa Baba ukaanza kubadilika, mashavu yakajaa, macho yakatoka, na kikohozi kikamponyoka, kikubwa, cha kutoka tumboni. Akamtazama bintiye kwa hofu ya kweli.

Bi Picha hakufumba macho. Alimwangalia palepale, akamwashiria kwa kidole: endelea.

Baba akafikiri. Akajikohoza tena, safari hii kwa makusudi, kifua mbele, kama mheshimiwa anayetaka kuanza hotuba.

"Babu," alinong'ona Shangazi, "kohoa vizuri. Kile cha kwanza kilikuwa kizuri zaidi."

Wakacheka wote watatu, na nusu dakika ile ikaharibika kabisa, na Bi Picha akaihifadhi kama ilivyo. Jumatatu Mama Mapazia atatuma ujumbe wake: "Hapo sasa. Hapo kuna mtu nyumbani. Na huyo fundi wako, ana nafasi? Nina wateja." Lakini hayo ni ya Jumatatu, na siku hiyo hakuna aliyeyajua.

Bi Picha alikwenda jikoni kuichomeka friji. Aliifungua kwanza atoe funguo zake, na ndani mlikuwa na giza kama kawaida. Alipapasa kwenye trei ya mayai akazipata. Kando yake vidole viligusa kitu kingine, chembamba, cha baridi. Akakitoa kwenye mwanga. Kilikuwa ufunguo mmoja wa zamani, umefungwa kwa uzi mweusi wa cherehani.

Alisimama nao kwa muda mbele ya friji iliyo wazi. Kutoka sebuleni cherehani ilianza tena, ingawa mapazia yalikuwa yamekwisha. Pengine Baba alikuwa ameona kitu kingine ndani ya nyumba hiyo kilichopigwa stepla. Bi Picha akachukua funguo zake, akaurudisha ule wa uzi mweusi palepale penye mayai, akafunga mlango na kuichomeka friji.